Kiti mwendo kimetolewa. Je, kinafika mwaloni?

Msikilizaji, vifaa saidizi vinapogawiwa, kinachotangazwa kwanza ni idadi: viti mwendo kadhaa, fimbo nyeupe kadhaa. Lakini kiti kilichobaki kona ya nyumba kikianikiwa nguo nacho kimo kwenye hesabu hiyo hiyo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lina dodoso la nyumba kwa nyumba linaloitwa rATA. Lilitumika katika nchi 35 kuandaa ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi, miwani ikiwemo, na karibu bilioni 1 hawakipati.

Dodoso haliishii kuuliza kama unacho kifaa. Linauliza pia: umeridhika nacho? Kinafaa nyumbani kwako na mazingira yako? Kinakusaidia kufanya unachotaka? Ulipimwa na kufundishwa? Matengenezo yakoje?

Kwetu Kanda ya Ziwa maswali haya yana uzito. Kiti kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali kina magurudumu madogo mbele. Mwaloni yanazama mchangani, na kwenye vilima vya mawe vya Mwanza hayapandi. Baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, inafika mbali barabarani lakini haipiti mlango wa chumbani. Shimesikio lililoisha betri halisaidii kitu, kama betri zinauzwa mjini na wewe uko Ukerewe.

Kipimo cha mwili nacho si cha kupuuza. Mtu asiye na hisia miguuni akikalia kiti kisichomtosha, bila mto unaofaa, hupata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vinaweza kuua.

Unaweza kupima mwenyewe. Usipime siku ya makabidhiano. Subiri mwezi mmoja. Chagua siku ya kawaida uangalie safari zako: chooni, kisimani, sokoni, ibadani, kwenye kivuko. Kwa kila moja andika: nilifika mwenyewe, nilisaidiwa, au nilishindwa. Anayejibu awe mtumiaji mwenyewe, si ndugu anayemsukuma.

Kisha peleka majibu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako na kwa aliyetoa kifaa. Ukisema tu "kiti ni kibaya", utaonekana huna shukrani. Ukisema "kwa mwezi mzima sijafika kisimani hata mara moja", hapo kuna jambo la kurekebisha.