Eti Juma Kahama

Nyumba ya kupanga Mbagala haina siri. Korido moja, bomba moja uani, na kila mlango una masikio. Mpangaji akihama usiku, kukicha habari ni ile ile, ila kila jirani anaisema kivyake.

"Juma kahama." Huyu kaona chumba kitupu, anatoa taarifa.

"Eti Juma kahama." Huyu kaambiwa na watu, yakija kuwa uongo, yeye hamo.

"Kumbe Juma kahama!" Ndiyo kwanza anajua. Labda ndiye aliyemkopesha hela.

"Mbona Juma kahama?" Alijua Juma yupo yupo sana.

"Kwani Juma kahama?" Yeye hana habari hiyo, ila maneno ya wenzake yamemtia wasiwasi.

"Si Juma kahama?" Jibu analo, anataka uitikie tu.

Juma ni yule yule, na kuhama ni kule kule. Neno la mwanzo linatueleza habari za msemaji: kajuaje, anaamini kiasi gani, alitarajia nini. Shuleni tulikaririshwa ngeli hadi usingizini, lakini vijineno hivi tulivipita mbio, tukiambiwa hiki kihisishi, kile kielezi, basi.

Chukua "kwa nini" na "mbona". Bosi akiuliza, "Kwa nini umechelewa?" anataka sababu, nawe utamtajia foleni ya Barabara ya Kilwa. Mama akisema, "Mbona umechelewa?" anakujulisha kwamba alikutegemea mapema na roho ilikuwa juu. Ukimjibu kwa foleni peke yake, bila "samahani mama", hujamjibu.

"Eti" nayo ina kazi ya pili. Pale Mbagala Rangi Tatu utasikia: "Eti kaka, gari za Kariakoo zinapakilia wapi?" Hapo hakuna uvumi wowote. Muuliza njia anabisha hodi kwanza, asimvamie mtu asiyemjua.

Si Waswahili peke yetu wenye mambo haya. Kitagalog cha Ufilipino kimejaa vijineno vya aina hii. "Umuulan" ni mvua inanyesha. "Umuulan daw" ni kwamba inanyesha, kwa maneno ya mtu mwingine. "Umuulan pala" ni kumbe inanyesha! Vya kwao hupenda kukaa baada ya neno la kwanza, wakati "eti" na "kumbe" kwetu hupenda kutangulia. Tena "daw" si lazima iwe na dharau: hata anayefikisha ujumbe wa mama yake huitumia, kwa heshima zote. "Eti" yetu, ikiingia kwenye maelezo ya mtu mwingine, mara nyingi huingia na kicheko.

Kicheko hicho ndicho ninachopambana nacho kazini, maana mimi ni mhariri wa habari. Mwandishi chipukizi ananiletea habari ya mahakamani: "Mshtakiwa alisema eti siku hiyo hakuwepo Temeke." Naifuta "eti", naweka "kwamba". Ananung'unika kuwa nimeua ladha. Kweli nimeiua, kwa kuwa herufi zile tatu zilishamhukumu mtu kabla ya hakimu. Barazani aseme "eti" mpaka achoke. Gazetini, mshtakiwa alisema kwamba hakuwepo, na msomaji ataamua mwenyewe.