Uchumi, Hisabati na Takwimu: Masomo Matatu kwa Kazi Moja

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi hutokea mara kwa mara kwamba wanachama huombwa kuidhinisha fedha za kumsaidia mtoto wa mwanachama aendelee na masomo ya chuo kikuu. Kijana akitaka kusomea udaktari, ualimu au kilimo, hakuna anayeuliza sana, kwa kuwa matunda ya kazi hizo huonekana kwa macho. Lakini akitaja shahada ambayo ndani yake uchumi, hisabati na takwimu husomwa kwa pamoja, maswali huanza. Masomo hayo ni ya nini? Kwa nini asichague moja akalijua vizuri? Na ushirika utafaidi nini? Maswali haya ni ya haki, maana fedha inayoombwa ni jasho la wanachama. Makala haya yanakusudia kuyajibu, ili katibu aweze kuyaeleza mbele ya mkutano na wanachama waamue wakiwa na ufahamu.

Kila somo na kazi yake

Uchumi ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyochagua, wakiwa na mahitaji mengi na uwezo mdogo. Mwanauchumi huuliza: bei ikishuka, mkulima atafanya nini? Atauza, atangoja, au atang'oa mibuni na kupanda migomba?

Hisabati ni elimu ya hesabu na ya kufikiri kwa utaratibu. Humfundisha mtu kuyaweka mambo katika mlinganyo, na kuhakikisha kwamba jibu linatokana kweli na yale yaliyotangulia, wala si na matamanio ya msemaji.

Takwimu ni elimu ya kukusanya hesabu za mambo yalivyo, kuzipanga, kuzichambua, na kupima ni kwa kiasi gani zinaweza kuaminiwa. Mtakwimu haridhiki kuambiwa kwamba wastani ni huu. Hutaka kujua pia hesabu zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani huo.

Hebu tutazame chama cha kubuni chenye wanachama 10. Wanachama 9 wameleta kilo 100 za kahawa kila mmoja, na mmoja ameleta kilo 1,600. Jumla ni kilo 2,500, na wastani ni kilo 250 kwa mwanachama. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, lakini hakuna hata mwanachama mmoja aliyeleta kilo 250, wala zinazokaribia hapo. Kamati ikitoa mikopo ya pembejeo kwa kuufuata wastani huo, itawatwika wanachama 9 deni wasiloweza kulilipa. Hivyo hesabu inaweza kuwa sahihi na uamuzi ukawa mbaya.

Mfano wa malipo ya awali

Faida ya kuyaunganisha masomo haya huonekana wazi zaidi katika uamuzi mgumu kuliko yote katika chama cha mazao, nao ni kiwango cha malipo ya awali. Tuchukue mfano mwingine wa kubuni. Chama kinakopa benki ili kiwalipe wanachama wanapoleta kahawa, kisha kinalipa mkopo baada ya mnada. Katika misimu 10 iliyopita bei ya mnada ilikuwa shilingi 2,800 kwa kilo katika misimu 2, shilingi 3,600 katika misimu 5, na shilingi 4,400 katika misimu 3. Gharama za ukoboaji, usafiri, ushuru na riba ni shilingi 500 kwa kilo.

Wastani wa bei ni shilingi 3,680. Tukitoa gharama tunabaki na shilingi 3,180. Mtu anaweza kusimama mkutanoni na kusema: basi tuwalipe wanachama shilingi 3,180, kwa kuwa ndiyo haki yao. Lakini tukiupima ushauri huo kwa msimu mmoja mmoja, tunaona mambo mengine. Katika misimu 2 ya bei ya chini, chama kitabaki na shilingi 2,300 tu baada ya gharama, na kitapungukiwa shilingi 880 kwa kila kilo. Katika misimu 5 ya bei ya kati kitapungukiwa shilingi 80. Ni katika misimu 3 tu kitakapopata ziada, shilingi 720 kwa kilo. Kwa maneno mengine, chama kitaingia deni katika misimu 7 kati ya 10. Kama kilikusanya kilo 100,000, msimu mmoja mbaya utakiachia deni la shilingi 88,000,000.

Ni kweli kwamba kwa misimu yote 10 hasara na ziada hulingana. Lakini benki haingoji misimu 10, na ziada ya msimu mzuri huwa imekwisha kugawanywa kama malipo ya pili. Hapo takwimu imetuonya juu ya jambo ambalo wastani ulilificha.

Je, basi chama kilipe shilingi 2,300, ili kisiingie deni katika msimu wowote? Hapa uchumi nao hudai usikilizwe. Mwanachama mwenye karo ya shule ya kulipa hatangoja malipo ya pili. Atauza kwa mlanguzi, au atauza kahawa ikingali mtini, kama ilivyo katika desturi ya butura inayojulikana sana mkoani Kagera. Kilo zitakazofika katika ghala la chama zitapungua, lakini mshahara wa mlinzi na matengenezo ya ghala havitapungua. Gharama za namna hiyo zikiwa shilingi 10,000,000, kila kilo kati ya kilo 100,000 hubeba shilingi 100. Kilo zikibaki 50,000, kila kilo itabeba shilingi 200. Bei iliyokusudiwa kukilinda chama itakuwa imekidhoofisha.

Kati ya ncha hizi mbili hisabati hutusaidia kutafuta njia. Chama kikilipa shilingi 2,600, upungufu wa msimu mbaya utakuwa shilingi 300 kwa kilo, na ziada ya msimu wa kati itakuwa shilingi 500. Mkutano ukikubali kuweka akiba shilingi 150 kati ya hizo 500, misimu miwili ya kati itatosha kuziba pengo la msimu mmoja mbaya, kilo zikiwa zile zile, na bado wanachama watapata malipo ya pili ya shilingi 350. Akiba hiyo wanaweza kuitaka kubwa zaidi au ndogo zaidi. Huo ni uamuzi wao, lakini sasa wanajua wanaamua nini.

Mwanahisabati peke yake angekokotoa bila kujua habari za butura. Mwanauchumi peke yake angesema kwamba bei ndogo hufukuza wanachama, asiweze kutaja ni ndogo kwa kiasi gani. Mtakwimu peke yake angetueleza misimu iliyopita bila kutuambia watu watafanya nini msimu ujao. Figa moja haliinjiki chungu.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Mwungano wa masomo haya haukuanza jana. Mwaka 1926 Ragnar Frisch wa Norwei aliipa jina la ikonometriki elimu ya kupima mambo ya uchumi kwa hisabati na takwimu. Jan Tinbergen wa Uholanzi, ambaye kwanza alisomea fizikia, alitunga mwaka 1936 milinganyo ya kuueleza uchumi mzima wa nchi yake, wakati watu wengi walipokuwa hawana kazi. Tuzo ya uchumi ya kumbukumbu ya Alfred Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, walipewa watu hao wawili.

Mfano ulio karibu zaidi na wakulima ni wa India. Prasanta Chandra Mahalanobis alianzisha Taasisi ya Takwimu ya India huko Calcutta mwaka 1931, na tangu mwaka 1937 akaongoza makadirio ya zao la juti katika Bengal, yaani ule mmea ambao nyuzi zake hushonewa magunia. Badala ya kuhesabu kila shamba, alichagua maeneo machache kwa njia ya bahati nasibu, akayapima kwa uangalifu mkubwa. Makadirio yake yalipolinganishwa na hesabu za wafanyabiashara, yalikuwa karibu na ukweli kuliko hesabu ya shamba kwa shamba, na kwa gharama ndogo zaidi. Kupima machache vizuri kulishinda kuhesabu yote ovyo.

Wakulima wa kahawa nao wana somo lao. Mwezi Julai 1975 jalidi kali iliunguza mibuni ya Brazili, hasa katika jimbo la Paraná. Bei ya dunia ilipanda hata ikapita dola 3 kwa ratili mwaka 1977, kisha ikashuka. Mwaka 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliposimamishwa, bei iliporomoka tena. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, na kwa hiyo anayepanda kwa kuvutiwa na bei ya leo huvuna katika bei asiyoijua. Matukio haya yanatuonya pia kwamba misimu 10 ya mfano wetu ni michache, na kwamba yaliyopita si dhamana ya yajayo. Mtaalamu wa kweli hutaja wasiwasi wa hesabu zake, wala hauficho.

Yanayofundishwa chuoni

Katika Afrika Mashariki nafasi za masomo haya zipo. Chuo Kikuu cha Makerere kilipata Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi mwaka 1969, iliyohudumia nchi nyingi za Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi vinafundisha uchumi na takwimu katika shahada moja, na hisabati ndiyo msingi wake. Kule Moshi, Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, nacho huandaa wataalamu kwa ajili ya vyama.

Kwa kawaida mwanafunzi huanza na misingi ya uchumi, kalkulasi, aljebra na nadharia ya uwezekano, ambayo hupima jinsi jambo lilivyo na nafasi ya kutokea. Baadaye hujifunza kuchagua sampuli, kuandaa hojaji, kuchambua bei za miaka mingi na kutumia kompyuta. Mwishoni hufika katika ikonometriki, ambamo masomo yote matatu hukutana.

Masomo haya si mepesi, na wengi hukwama katika hisabati kwa kuwa waliiacha mapema. Mzazi na afadhibitishe jambo hili mtoto angali sekondari. Katika kidato cha tano na cha sita, tahasusi ya Uchumi, Jiografia na Hisabati ni mojawapo ya njia zinazofaa. Wala tusiwaambie mabinti zetu kwamba hesabu ni kazi ya wavulana. Daftari halimtambui mwenye kuliandika isipokuwa kwa usahihi wake.

Wajibu wa katibu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msomi hata awe hodari namna gani, hawezi kutoa ushauri bora kutokana na kumbukumbu mbovu. Malighafi yake ni daftari la mapokezi, stakabadhi na leja za chama cha msingi, yaani kazi ya mikono ya makatibu.

Kwa hiyo makatibu wanaombwa kuyazingatia mambo matatu. Kwanza, kuandika uzito uliosomwa kwenye mizani, bila kuukadiria. Pili, kutofautisha sifuri na pengo: mwanachama asiyeleta mazao aandikiwe sifuri, na mahali ambapo uzito haukuchukuliwa paandikwe kwamba haukuchukuliwa, kwa maana hayo si mambo mamoja. Tatu, kutunza madaftari ya zamani pahali pakavu, kwa kuwa bei na kilo za misimu iliyopita ndizo zitakazotumika kupanga msimu ujao.

Wanachama nao wana haki yao. Wanaposomewa taarifa yenye tarakimu nyingi wasinyamaze kwa kuogopa usomi, bali waulize: tarakimu hizi zilipatikanaje? Zilikokotolewaje? Na sisi wenyewe tutafanya nini bei hiyo ikitangazwa? Swali la kwanza ni la takwimu, la pili ni la hisabati, na la tatu ni la uchumi.

Kijana aliyesoma masomo haya hatauchukua uamuzi kutoka mikononi mwa mkutano mkuu. Mtaalamu hushauri, nao wanachama ndio waamuzi. Lakini chama kinachomsomesha kikubaliane naye mapema jinsi atakavyokihudumia, hata kwa likizo zake za chuo, apitie madaftari na kuwafafanulia wanachama bei na madeni yao kwa lugha wanayoielewa. Hapo fedha ya wanachama itakuwa imerudi kwao wenyewe.