Fahamu: Kujichukulia sampuli ya pua mwenyewe

Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, dereva wa lori aliyefika Horohoro, Tanga, hakuvuka bila kipimo cha korona. Kijiti kirefu puani, machozi yanakutoka, na lazima mtaalamu.

Siku hizi kipo kijiti kifupi cha kujichukulia mwenyewe. Penga kwanza. Kiingize kama sentimita 2, kizungushe mara 4 kikigusa ukuta wa pua, kisha tundu la pili, kijiti kilekile. Wengi hukosea kwa kugusisha tu.

Shida yetu ni joto. Sampuli ya maabara hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, na hapa kwetu Pangani, mkoani Tanga, hali ya hewa haifiki ubaridi huo. Kipimo cha haraka, unachosoma papo hapo, kinafaa zaidi, ingawa virusi vikiwa vichache huenda kisivione.