Bahasha za babu nilizozikata kwa mkasi

Nikiwa darasa la tano mjini Migori, mali yangu yote duniani ilikuwa vikadi vya wachezaji wa soka, vile vilivyokuja ndani ya pakiti za chingamu. Soko letu lilikuwa nyuma ya choo cha shule. Drogba mmoja ulimpata kwa mabeki watatu ambao hakuna aliyewajua majina. Chingamu yenyewe wengine tulikuwa tunaigawa bure tu.

Likizo moja nikiwa kwa dani, karibu na Rongo, nilifungua debe kuukuu la Kimbo nikakuta barua. Babu alifanya kazi Kampala miaka ya 60 na alikuwa akiandika nyumbani kila mwezi. Stempu zake zilikuwa na majina ya nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Uganda na Tanzania. Nikachukua mkasi. Kufikia jioni nilikuwa nimekata zote na kuzibandika kwenye daftari kwa uji mzito. Bahasha nikampelekea dani akawashie moto. Sikuona ubaya wowote.

Mwaka jana nilipanda matatu hadi Homa Bay kumwona mzee mmoja anayekusanya stempu. Nilitarajia asifu daftari langu. Alifungua ukurasa mmoja, akalifunga, akauliza: “Kijana, bahasha ziko wapi?”

Kumbe stempu yenyewe ilichapishwa kwa wingi mno. Kilicho adimu ni bahasha nzima iliyosafiri: muhuri wa posta wenye tarehe, jina la kituo kidogo ambacho huenda kilishafungwa, mwandiko wa aliyetuma. Nilihifadhi kile ambacho kila mtu anacho na kuchoma kile ambacho kilikuwa chetu peke yetu.

Angalau si mimi wa kwanza. Marekani, kati ya 1961 na 1963, kampuni ya Post ilichapa kadi za wachezaji wa besiboli kwenye maboksi ya nafaka za kiamsha kinywa, zile unazomiminia maziwa. Kila mwaka zilikuwa kama kadi 200, na ili uipate ilibidi uikate mwenyewe. Hebu fikiria watoto wa miaka minane wakiwa na mkasi! Nyingi zilikatwa upogo, ndiyo maana leo boksi ambalo halikuguswa hutafutwa kuliko kadi. Halafu kuna kichekesho hiki: baadhi ya kadi zilizo adimu zaidi zilikuwa kwenye maboksi ya nafaka ambazo watoto hawakuzipenda. Hazikununuliwa, basi hazikubaki.

Kellogg's walianza zao 1970, zikiwa zimefunikwa plastiki yenye mistari ili picha ionekane kama ina kina. Zilikuwa zikitoka ndani ya boksi, hivyo hakukuwa na haja ya mkasi, lakini plastiki ilijikunja na kupasuka. Siku hizi wakusanyaji wanafuata hata mabamba ya chuma yaliyotumika kuchapa kadi, moja kwa kila rangi. Zamani hayo yalikuwa taka za kiwandani.

Mzee wa Homa Bay hana besiboli. Stempu anayoipenda ni ya shilingi tano, ya mwaka 1982, yenye fuvu la Proconsul. Fuvu hilo Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948, hapo hapo ng'ambo ya Mbita. Si stempu ya bei. Anaipenda kwa sababu imetoka nyumbani.

Alinipa ushauri wa bure. Usikate, usibandike, na usitumie selotepu kamwe. Debe ni zuri dhidi ya mchwa, ila hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hivyo usiliweke sakafuni wala ukutani upande wa mvua. Mwandikie nyuma ya karatasi, kwa penseli, ni nani aliyeipata na wapi. Na ukiona mtu mtandaoni akidai atanunua noti au sarafu yako kuukuu kwa mamilioni, mradi umtumie kwanza “ada ya usajili”, jua wewe ndiye unayeuzwa. Rafiki yangu alituma elfu mbili. Sarafu bado anayo.

Nikarudi Rongo kuomba msamaha. Dani alicheka, akaingia ndani, akatoka na bahasha tatu zilizofungwa kwa kitambaa. Siku ile ya moto alikuwa amezificha chini ya godoro. Nikanyosha mkono.

“Nyakwara, ngoja kwanza,” akasema. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo. “Keti hapa unisomee. Ya Machi ndiyo alikuwa ameniomba msamaha.”