Ajira za Mara zinavyovuka mpaka na gunia

Wakulima wa pamba wa Serengeti, mkoani Mara, bado wana wanunuzi kila msimu, japo kiwanda cha nguo cha Musoma kilizima mitambo zamani. Waliokosa ni watoto wao, ambao wangesokota, kufuma na kupaka rangi. Kazi hizo sasa hufanyika Asia, na kitenge hurudi Mugumu kikiwa na bei ya dukani.

Ofisa mmoja wa kilimo anasema zaidi ya asilimia 70 ya pamba nyuzi ya nchi huuzwa nje. Anaongeza kuwa wawekezaji wako njiani. Takwimu yake inaaminika. Wawekezaji hao tunaambiwa habari zao tangu ubinafsishaji wa miaka ya 1990, na huku kimebaki kibarua cha miezi michache kwenye majineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuondoa mitumba ili viwanda vya nguo vipate pumzi. Marekani ilipotishia kufuta nafuu ya ushuru, nyingi zilirudi nyuma.

Tarime kidonda ni kahawa. Mnunuzi mmoja wa Sirari, aliyeomba jina lake lisitajwe, analalamika kwamba anayefuata sheria ndiye anayeumia. Anakusanya kupitia ushirika, anasubiri mnada, na mkulima anasubiri malipo pamoja naye. Mwenye pikipiki anapita njia za panya usiku hadi Isebania, upande wa Kenya, na kulipwa taslimu kabla hakujakucha. Kwa maelezo yake, kila gunia linalovuka linaondoka na ujira wa mkoboaji, wa kina mama wanaochambua punje na wa mpakiaji, kisha kahawa hiyo inahesabiwa kuwa ya Kenya. Anasema doria zimeongezwa mara nyingi bila malipo kuharakishwa, na hapo ni vigumu kumpinga.

Dhahabu ya Nyamongo, huko huko Tarime, nayo kwa miaka mingi imesafishwa ng'ambo. Mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu, lakini kilijengwa Mwanza. Ajira zikirudi nchini, si lazima zifike Mara.

Huenda mitambo midogo ya kukoboa na kukaanga kahawa ikawezekana Tarime mapema kuliko kiwanda cha nguo, ambacho kinahitaji umeme usiokatika na mtaji mkubwa. Itategemea kama mkulima atalipwa siku anayopima mzigo. Kwa pamba, bei ya dunia ikishuka msimu mmoja tu, wengi Serengeti watahamia mahindi, na hata jineri litakosa cha kuchambua.