Magauni Manne Kwanza

Boksi hilo nililipima kwa futi ya fundi, sakafuni mwa duka moja la maharusi pale Kariakoo: urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Ndani mlikuwamo gauni moja tu, la neti za matabaka mengi na mkia mrefu. Kwenye mizani lilikuwa kilo 5. Mwenye duka alikuwa amelipia kilo 20, na alikuwa na hakika kwamba wakala wa mizigo amemwibia.

Hakuibiwa. Mzigo wa ndege hulipiwa kwa uzito wake au kwa nafasi unayokula, kutegemea kipi kikubwa. Unazidisha urefu, upana na kimo, kisha unagawanya kwa 6,000. Kampuni za vifurushi vya haraka aghalabu hugawanya kwa 5,000, na hapo ndipo inapouma zaidi. Boksi lake lilikuwa na sentimita za ujazo 120,000. Gawanya kwa 6,000, unapata 20. Alikuwa amesafirisha hewa kutoka China.

Naanza na boksi hili kwa sababu wengi hukatia tamaa hapohapo. Mtu akiona nauli ya gauni moja, anasema bora achangie kontena, aagize dazeni, bei ishuke. Muuzaji wa kule naye anamsukuma hukohuko: ukichukua 12 nakupunguzia. Mtu huyo anarudi na furaha ya bei ya jumla, na miezi sita baadaye nusu ya mzigo bado unaning'inia ndani ya mifuko ya nailoni, umedoda, na kodi ya fremu inadaiwa.

Tuchukulie gauni likifika dukani kwa dazeni linasimama kwa shilingi 450,000, na kwa oda ndogo linasimama kwa 560,000. Dazeni nzima ni 5,400,000. Kama magauni 5 hayakumpendeza mtu, fedha yote imebebwa na yale 7 yanayofanya kazi, na kila moja limekugharimu zaidi ya 770,000. Sasa mwenzako ameagiza kwa awamu tatu za magauni 4. Ametumia 6,720,000, fedha nyingi kuliko wewe. Lakini baada ya awamu ya kwanza aliona wateja wanavutwa na nini, akarekebisha ya pili, na mwisho yamemdodea 2 tu. Magauni yake 10 yanayofanya kazi yamemgharimu 672,000 kila moja. Na hakutoa fedha hiyo kwa mkupuo: gauni la kukodisha kwa 250,000, ukitoa 40,000 ya kufulia na ya fundi, kwa maharusi watatu tayari limerudisha bei yake, kwa hiyo awamu ya pili ilianza kulipiwa na ya kwanza.

Kwa hiyo ninapomshauri mwenye duka dogo, simuulizi gauni amelinunua kwa bei gani. Namuuliza limetoka nje mara ngapi.

Kodi nayo huingia katika hesabu hii kwa njia ambayo wengi hawaioni. Tangu Julai 2022, nguo zilizoshonwa tayari zinazoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki zimo katika kundi la ushuru wa asilimia 35, na Tanzania Bara huongeza VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Mzigo wenye thamani ya 100,000 unafika 159,300 kabla ya tozo nyingine. Mzigo ukija kwa meli, thamani hiyo inajumuisha nauli na bima. Maana yake hewa iliyo ndani ya boksi la meli unailipia kwenye nauli, kisha unailipia tena forodhani.

Hewa inaweza kupunguzwa. Mwambie mtengenezaji aiache sketi ya ndani yenye waya. Hiyo utaipata Kariakoo, na moja inatumika kwa magauni mengi. Gauni la satini au la nguva, linalobana hadi magotini, likikunjwa vizuri na mfuko wake ukatolewa upepo, huingia kwenye boksi dogo, na hilo ndilo la kuja kwa ndege. Magauni mapana, yale yanayofura kama mwavuli, yapande meli. Gauni la shanga usilikandamize kwa nguvu, shanga zinavunjika na nyuzi zinaachia. Mikunjo ya neti isikutie hofu. Mvuke wa pasi unaimaliza.

Wenye uzoefu wanajua kwamba China kuna miji ya kazi hii. Suzhou, kwenye mitaa inayozunguka kilima cha Huqiu, kuna maduka na karakana za magauni ya harusi kwa wingi, na Chaozhou huko Guangdong inajulikana kwa magauni ya harusi na ya jioni. Karakana nyingi huko hukubali oda ya gauni moja, tena kwa vipimo vya mwili. Utalipa zaidi kuliko bei ya dazeni, ila unapata haki ya kubadili mawazo, na kwa duka dogo haki hiyo ina thamani kuliko punguzo.

Siku hizi masharti ya kawaida ni arubuni ya asilimia 30 na salio mzigo ukiwa tayari. Usimalizie salio kwa picha. Omba video ya gauni likiwa kwenye sanamu, kisha ligeuzwe ndani nje: uone kama mifupa ya kifuani, vile vijiti vinavyolishikilia gauni, imeshonewa njia yake au imegandishwa tu, uone mashono yana akiba ya kitambaa kiasi gani. Mimi husema akiba isipungue sentimita 3 kila upande, na liandikwe hilo kwenye oda. Bila akiba, fundi wako hana pa kushika.

Jambo la pili la kuandika kwenye oda ni mgongo wa kamba. Zipu ina ukubwa mmoja, na bi harusi aliyezidi sentimita 2 hafungi. Gauni la kamba na vitanzi, lenye kipande cha kitambaa cha kuziba katikati, huwakaa wanawake wa saizi mbili au tatu zinazofuatana. Ukichukua magauni manne ya kamba umefunika wateja ambao kwa zipu wangehitaji kumi. Hata lililokuja na zipu, fundi mzuri anaitoa na kutia vitanzi kwa siku moja, mradi akiba ipo.

Hapo ndipo fundi wa nyumbani anapoingia, na naona maduka mengi yanamtumia vibaya. Tunamwita kuja kupunguza na kuongeza tu. Mpe lesi ashone mikono ya kuvaa na kuvua. Mpe neti ashone mkia wa vifungo, na kikoti chepesi cha kufunika mabega. Gauni moja la satini lisilo na mapambo linaingia kanisani likiwa na mikono mirefu, linakwenda ukumbini likiwa wazi mabega, na wiki inayofuata linamvika bi harusi wa Kiislamu aliyetaka stara kamili, na wageni wasijue ni lilelile. Mapambo hayo yanashonwa mtaa wa pili, kwa siku chache, mteja akiwa tayari ameshalipa.

Hilo la wageni kujua si dogo. Nilikuwepo dukani siku mama wa bi harusi alipomshika binti yake mkono katikati ya kupima, akamnong'oneza: "Mwanangu, hili si lile la harusi ya binamu yako?" Mazungumzo yakaishia hapo. Gauni lilikuwa zima, safi, limemkaa. Lakini lilikuwa limeonekana.

Gauni lililoonekana Dar es Salaam bado halijaonekana Mbeya. Kwa sababu hiyo nawahimiza wenye maduka ya mikoa tofauti wapeane mzigo mali kauli: unanipa matatu, nakupa matatu, kwa miezi mitatu, kila mmoja anamlipa mwenzake sehemu ya kila kodisho. Andikeni hali ya kila gauni, doa na uzi uliofumuka, mlipige picha pindo la chini kabla halijapanda basi, na mkubaliane nani analipa likichanika. Ukifanya hivyo, duka limepata sura mpya bila kugusa forodha.

Pia usimtegemee msambazaji mmoja, hata awe mkubwa namna gani. Julai 2017 kampuni ya Alfred Angelo ya Marekani, iliyokuwa na makumi ya maduka yake na pia ikiyauzia maduka huru magauni kwa bei ya jumla, ilifunga ghafla. Wanawake waliokuwa wamekwisha kulipa waliachwa wakitafuta gauni kwa siku zilizobaki. Arubuni ya bi harusi iwekwe kando na fedha ya kununulia mzigo. Yule hana tarehe nyingine.

Na tarehe za kalenda zina namna yake ya kubana. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20, na karakana hufunga kwa majuma kadhaa kwa sababu mafundi wanarudi makwao. Mwaka 2026 uliangukia Februari 17. Kesho yake ikawa Jumatano ya Majivu, na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Harusi za Wakatoliki zikapoa, za Waislamu zikapoa, na karakana zikalala, yote kwa pamoja. Idd ikaja Machi, Pasaka Aprili 5, na maharusi wakarudi kwa kishindo. Oda iliyotumwa Januari haikuwahi msimu huo. Iliyowahi ni ile ya Novemba, au mwanzoni mwa Desemba, wakati fedha zote zinataka kwenda sikukuu. Ndiyo sababu mwenye magauni manne ya kuagiza anaweza kujibana, na mwenye dazeni hawezi.

Yule dada wa boksi la hewa tulimnunulia daftari la kurasa 96. Kila bi harusi aliyepima akaondoka bila kukodi, aliandikiwa mstari mmoja: gauni gani, kwa nini alilikataa. Baada ya miezi miwili tulikaa nalo sakafuni. Mara kumi na moja alikuwa ameandika neno lilelile, "mikono". Hatukuagiza gauni lolote mwezi ule. Tulinunua mita 6 za lesi, tukampelekea fundi.