Mbwa wa kuwinda ndege: Uliza kazi kabla ya kuuliza mbegu

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayevuka Gatumba kwenda Kavimvira, au Kobero kwenda Kabanga, amezoea maagizo ya kila namna: vitenge, mchele, dagaa, vipuri vya pikipiki. Siku mteja akimwagiza mbwa wa kuwinda ndege, jambo la kwanza analokimbilia ni jina la mbegu, tena lile linalosikika la gharama. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mbwa si mzigo wa kulaza ghalani ukisubiri bei ipande. Anakula kila siku, anaugua, na akichaguliwa vibaya fedha za mteja zinaweza kufukiwa ardhini kabla mvua za kwanza hazijaisha.

Kazi ni tatu

Wazungu waliozalisha mbwa hawa waliwagawia kazi tatu. Ya kwanza ni kutafuta na kuonyesha. Pointer wa Kiingereza na jamaa zake akina Setter hunusa upepo, na wakipata harufu ya kware nyasini husimama kimya, pua ikielekea alipo ndege, mara nyingi mguu mmoja ukiwa juu. Ya pili ni kurusha. Spaniel huingia kichakani na kuwatimua ndege, hivyo ni lazima afanye kazi karibu na mwenye bunduki. Ya tatu ni kuokota. Labrador, ambaye asili yake ni Newfoundland nchini Kanada, humfuata ndege aliyeanguka hata majini na kumleta bila kumtafuna.

Wapo pia wa kazi zote. Wajerumani walizalisha German Shorthaired Pointer, mwenye manyoya mafupi, na Wafaransa wakazalisha Brittany, mwenye umbo dogo zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni hili: unawinda ndege gani, na wapi? Kware anayejibanza nyasini anamfaa Pointer. Bata wa majini anahitaji mwokotaji. Kanga hupenda kukimbia kwa miguu kabla ya kuruka, na mbwa aliyefundishwa kusimama tu anaweza kubaki akionyesha mahali ambapo ndege ameshaondoka.

Joto na kupe

Swali la pili ni la hali ya hewa. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi hukaribia nyuzi 30. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema. Setter mwenye manyoya marefu anaweza kuvumilia baridi ya milimani, lakini katika bonde la Rusizi atachoka mapema, na manyoya yake yatajaa mbigili na kupe.

Kupe ndiye adui mkubwa zaidi. Huambukiza magonjwa ya damu yanayoweza kumuua mbwa asipotibiwa haraka, na mbwa aliyekulia nchi za baridi hufika hapa bila kinga yoyote dhidi ya magonjwa hayo. Anayemleta mbwa wa namna hiyo aweke kwenye hesabu dawa ya kupe ya mara kwa mara na daktari wa mifugo wa karibu.

Ugenini huua pande zote mbili. Mwaka 1895, mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa Uingereza, na muda mfupi baadaye wakafa kwa ugonjwa wa virusi wa mbwa uliokuwa umeenea huko. Ilichukua hadi miaka ya 1930 mbegu hiyo kushika mizizi Ulaya. Leo inajulikana duniani kwa jina la Basenji, neno ambalo masikio ya Mswahili yatalitambua mara moja: ni ndugu wa "washenzi", yaani mbwa wa watu wa porini.

Basenji habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji wa misitu ya Kongo humfunga kengele shingoni wajue aliko. Ana manyoya mafupi, ni mwepesi na anajua kuswaga wanyama kuelekea kwenye nyavu. Hata hivyo, mfanyabiashara asimuuze kama Pointer. Hakuzalishwa kusimama na kuonyesha ndege, wala kuokota.

Karatasi kabla ya kamba

Swali la tatu ni la sheria. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, jirani kabisa na Bujumbura, uwindaji hauruhusiwi. Delta ya mto huo iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Kwa upande wa Tanzania, leseni za kuwinda ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Mteja asiye na kibali cha kuwinda anaweza kumwingiza muuzaji wake katika maelezo marefu.

Mpakani, mbwa si begi. Kabla ya safari, pata kwa idara ya mifugo ya nchi unayoingia masharti ya kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kijibwa kwa kawaida huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na nchi nyingi hutaka siku kadhaa zipite kabla hajavuka. Umoja wa Ulaya hutaka siku 21. Kijibwa cha wiki sita kinachouzwa kwa haraka "chenye chanjo zote" kina walakini.

Cheti hicho si urasimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Mteja akishajibu maswali hayo matatu, nenda ukamtazame mbwa mwenyewe, na ikiwezekana umwone mama yake akiwa kazini. Mwite, mpigie kelele ya ghafla, mtupie bawa la kuku uone kama analifuata. Mbwa anayejificha akisikia mlio hatafaa kwa bunduki, hata kama hati za ukoo wake zimepigwa mihuri kumi. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya daktari wa mifugo kumpima na cheti cha chanjo kuwa mkononi mwako.